Barua ya wazi: Wafungulieni wananchi hati za Kilimani wazisome wenyewe

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya nyaraka na kumbukumbu, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu Zanzibar. Na kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi

Assalaam alaykum.

Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili mkisha kulijua msome yaliyobaki kwa kulipima. Nawaomba mtenge siku, walau moja katika kila miezi mitatu, ambayo jengo la nyaraka la Kilimani litapokea wananchi wa kawaida waje wakae kitako na wasome hati. Wasome kwa sauti, kwa pamoja, wazee na watoto, kutoka kwenye nakala zilizokuzwa zikaonekana vizuri. Na waanze na zile hati ambazo wengi huzidhania kuwa ni ngumu kuliko zote, yaani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mimi ni mwalimu wa Historia skuli asubuhi, na jioni nasomesha chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Kwa hivyo nawaona watoto walewale mara mbili kwa siku, na jambo ninalowaandikia limetokana na kuwaona hivyo.

Kwa wasiolijua jengo lenyewe, lilijengwa katika miaka ya 1950 mahsusi kwa kazi hii. Ndani yake mna mafaili ya konseli (ubalozi mdogo) ya Waingereza tangu enzi za Sultani Seyyid Said, mafaili ya Sekretarieti ya wakati wa himaya ya Waingereza, karatasi za konseli ya Wajerumani, hati za mauziano ya nyumba na mashamba, kesi za mirathi na wakfu, ramani, picha, na magazeti yetu ya zamani. Mna pia ule mkusanyiko wa vitabu na maandishi ya Kiarabu ambao mwaka 2003 UNESCO iliuingiza katika Rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia: tiba, falaki, fikihi ya Kiibadhi, lugha, mashairi, mambo ya bahari. Dunia imeshakiri kwamba hiyo ni mali yake yote. Mtoto wa mtaa wa Kikwajuni, anayeweza kufika pale kwa miguu kabla jasho halijamtoka, hajaambiwa.

Wanaokaa kwenye meza za chumba cha kusomea ni akina nani? Kwa sehemu kubwa ni watafiti wa vyuo vikuu, wengi wao kutoka Ulaya na Marekani. Wako pia jamaa zetu wa Oman wanaokuja kufuatilia nasaba na habari za mababu zao. Siwalaumu hata kidogo, bali nawashukuru. Tunayoyajua leo kuhusu mgomo wa kodi za viwanja wa Ng'ambo mwaka 1928, au mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa 1948, kwa sehemu kubwa tunayajua kwa sababu kuna mtu aliyekaa akafunua faili baada ya faili. Lakini vitabu vyao vimeandikwa kwa Kiingereza, vinauzwa kwa bei isiyoshikika, na mjukuu wa yule aliyegoma kulipa kodi ya kiwanja hajui kwamba siku zile za babu yake zimeandikwa.

Sasa naomba mniangalilie jambo moja. Wajerumani wana nyaraka nyingi ajabu, na zimetunzwa vizuri ajabu. Lakini hati zao za karne ya 19 ziliandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao Mjerumani wa leo, hata aliyesoma, aghalabu hauwezi mpaka ausomee upya. Sisi hatuko hivyo. Mtoto wa Kizanzibari anaanza alifu na be akiwa hajaota meno ya ukubwani. Akifika darasa la sita au la saba ameshakhitimu Kurani, au anakaribia. Herufi zilizotumiwa na karani wa Seyyid Barghash, na kadhi, na mfanyabiashara wa Pemba aliyemwandikia mshirika wake wa Unguja, anazijua. Ni taasisi ngapi za nyaraka zilizozungukwa na mji mzima wa watu wanaozitambua herufi za hati zake za kale? Hiyo ni rasilimali ambayo hakuna mfadhili anayeweza kuinunua, nasi tumeiacha imekaa tu.

Najua mtasema kuzitambua herufi si kuielewa hati. Ni kweli. Kiarabu cha hati za kisheria kinataka aliyekisomea, na hao wapo, katika misikiti yetu na katika vyuo vikuu vyetu. Lakini ziko barua na daftari ambazo lugha yake ni Kiswahili, herufi tu ndizo za Kiarabu, na hapo ndipo penye utamu. Nimewahi kulijaribu darasani kwangu kwa barua ya biashara ambayo familia moja ya mtaani iliniazima nakala yake. Kijana mmoja hodari akasimama akasoma vizuri, kwa madda na kwa vituo, mpaka alipofika mahali akasema, «bibi, frasila tatu». Akasita. Bibi gani huyo anayepimwa kwa frasila, kipimo cha zamani cha uzito? Darasa zima likainama kutazama. Nilikuwa nimemwalika bibi mmoja wa jirani, ambaye alifundishwa na babake kuandika Kiswahili kwa herufi hizo kabla hajajua herufi za Kizungu. Akasema pale pale alipokaa: «Si bibi, mwanangu. Ni pembe.»

Pembe za ndovu, frasila tatu. Maana waandishi wa zamani hawakuwa na herufi ya p, wakatumia ile ya b. Mb nayo wakaiandika b. Na irabu ya e ilitiwa kasra, ile alama ya chini ya herufi, kama ya i. Kijana alizijua herufi, bibi aliijua desturi ya kuziandika, na wala mmoja wao peke yake asingefika. Kwa muda uliobaki wa kipindi hakuna aliyetaka kuondoka. Waliuliza pembe zilitoka wapi, nani alizibeba, frasila ni kilo ngapi, na aliyezibeba alilipwa au hakulipwa. Nimesomesha mada ya biashara ya misafara kwa miaka mingi kutoka kitabuni, na maswali ya namna hiyo hayajapata kuja yenyewe.

Bibi huyo na wenzake ni wachache, na wanazidi kuwa wachache. Hili ndilo linalonifanya niandike sasa.

Siku yenyewe naiona hivi. Ifanyike Jumamosi au Jumapili, baada ya sala ya alasiri hadi karibu na magharibi, nje ya mwezi wa Ramadhani na nje ya wiki za mitihani. Kuwe na pahala pa wanawake pa kukaa kwa raha zao, kwa sababu, kama nitakavyoeleza hapa chini, karatasi nyingi za familia ziko mikononi mwa kina mama. Hati tano au sita zitoshe kwa siku moja. Msijaze meza. Kila hati iwe na nakala nyingi zilizokuzwa, na kila kikundi kiwe na mzee mmoja, mwalimu au mwanachuoni mmoja, na mfanyakazi mmoja wa Taasisi. Asili yake ionyeshwe kwa muda, ikiwa nyuma ya kioo na kwenye mwanga hafifu. Wahifadhi hawapendi karatasi za zamani zipigwe na mwanga unaozidi lux 50, na katika joto na unyevu wa mji wetu hakuna sababu ya kuilegeza kanuni hiyo kwa ajili ya sherehe. Watu wataelewa. Wakiambiwa kwa nini hawaruhusiwi kuigusa, wataiheshimu zaidi.

Wanachokisoma kinukuliwe pale pale kwa herufi za Kirumi, kipitiwe na mtaalamu, kisha kiwekwe pamoja na hati yenyewe, na majina ya waliokisoma yaandikwe. Mtoto wa darasa la saba akijua kwamba jina lake limo katika kumbukumbu za Taifa kama msomaji wa barua ya mwaka fulani, hatalisahau jengo lile. Na Taasisi nayo inapata kazi iliyofanywa kweli: hati ambayo orodha huitaja kwa mstari mmoja itakuwa sasa na maelezo, majina ya watu na majina ya mahali. Wafanyakazi wenu ni wachache na mafaili ni mengi. Hiyo ni nguvu kazi inayokuja yenyewe mlangoni.

Kuna jambo la pili linalokwenda pamoja na hili, nalo ni makasha. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba kuna kasha au sanduku chini ya kitanda cha bibi, na ndani yake mna karatasi: hati ya shamba, talaka, barua kutoka Mombasa au Maskati, daftari la deni la duka, picha ya maulidi ya miaka hiyo. Mchwa wanazila. Na watoto wetu, kwa nia njema, wanazipeleka kwenye maduka ya fotokopi zikatiwe plastiki ya moto. Karatasi ikishatiwa plastiki namna ile haitoki tena salama, na wino wa zamani huenda ukaharibika kwa joto la mashine. Wengine wanaunga palipochanika kwa utepe wa gundi, ambao baada ya miaka michache huacha doa la kahawia lisilofutika. Hakuna aliyewaambia. Mkiwa na meza moja tu, siku hiyo hiyo, ya kuwaonyesha watu namna ya kuifungia karatasi ndani ya bahasha safi na kuiweka mbali na ukuta wenye unyevu, mtaokoa hati ambazo Taasisi haitaziona kamwe.

Na pale mezani pawe na kamera. Mtu alete karatasi yake, ipigwe picha mbele ya macho yake, apewe nakala, na aondoke na asili yake siku ile ile. Hapa nasisitiza. Isibaki hata karatasi moja. Wananchi wetu wana sababu ya kuogopa kuikabidhi afisi ya Serikali hati ya mali, na hofu hiyo haiondoki kwa hotuba. Inaondoka pale jirani atakaporudi nyumbani na hati yake mkononi, akamwambia mwenzake barazani, nimekwenda nayo na nimerudi nayo. Aulizwe pia kwa maandishi kama anakubali nakala ibaki Taasisi, na nani aruhusiwe kuiona. Akikataa, akatae kwa amani, na karatasi yake isafishwe vumbi kama ya mwingine yeyote.

Nimefika kwenye mambo mawili mazito, na sitaki kuyapita kwa haraka.

La kwanza ni ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilikuwa mali ya Serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Hati za mauziano za kabla ya hapo zinataja mipaka ya mashamba hayo hayo: kibla (kaskazini) shamba la fulani, suheli (kusini) njia ya watu, matlai (mashariki) mkorosho mkubwa. Naelewa kiongozi atakayesema kwamba kuzileta hati hizo mbele ya watu ni kuchokoza ugomvi. Jibu langu ni kwamba zichaguliwe kwa hekima. Waanze na barua, na matangazo ya serikali, na daftari za biashara, na kesi za zamani ambazo hazigusi kiwanja cha mtu aliye hai. Zile ambazo sheria bado inazifunga zibaki zimefungwa. Lakini hofu ya ardhi isifanywe sababu ya kufunga kila kitu, maana sehemu kubwa ya yaliyomo Kilimani haihusiani na kiwanja cha mtu.

La pili ni utumwa, na hili ni zito zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Seyyid Barghash. Mwaka 1897, wakati wa Seyyid Hamoud bin Mohammed, ikatoka amri ya kuiondoa hadhi ya utumwa kisheria. Lakini uhuru haukuja wenyewe. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani aombe, mwenye mali akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje ya amri mpaka mwaka 1909. Mambo yaliyopita mahakamani huacha karatasi, na karatasi hizo zina majina ya watu. Majina hayo, Mabruki, Feruzi, Majaliwa, yana wajukuu na vitukuu katika mitaa yetu leo. Wana wajukuu pia wale waliolipwa.

Kuna watakaosema tusiyafukue. Mimi naona kimya chetu hakijamponya mtu. Watoto wanarushiana maneno ya asili darasani wasiyoyajua maana yake, na mwalimu hana cha kuwawekea mbele isipokuwa aya mbili za kitabu. Hata hivyo nakubali kwamba hati ya namna hii haiwekwi mezani mtu akajikuta analisoma jina la bibi yake mzaa bibi bila ya kutayarishwa. Kwa hati hizo nashauri kwanza mkae na wazee, maulamaa na wanahistoria wetu, mkubaliane zipi zisomwe, kwa maneno gani, na nani awepo chumbani. Anayetaka kutafuta jina la ukoo wake apewe nafasi ya faragha na mtu wa kumsaidia. Na masimulizi ya siku hiyo yasiwe ya aibu kwa aliyetumikishwa. Kama kuna aibu, haikuwa yake. Taasisi ya Serikali ikilisema hilo waziwazi, ikiwa imeishika hati mkononi, itakuwa imefanya kazi ambayo hotuba nyingi hazijaifanya.

Yaliyobaki ni mepesi. Hati nyingi zinazoihusu Pemba ziko Kilimani, na si haki mtu wa Micheweni alipe nauli ya boti ili aone nakala ya hati ya kijiji chake. Mwanzoni mwa kila mwaka nakala ziwekwe kwenye makasha mawili, zipelekwe Wete na Chake Chake, zisomwe huko huko. Makunduchi nao wafikiriwe wakati wa sherehe zao za Mwaka Kogwa, ambapo vijana waliotawanyika hurudi kwao na watu wameshakusanyika bila ya kuitwa. Tangu Beit el-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, lifungwe, na kisha sehemu yake kuanguka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, wanafunzi wetu wamepoteza pahala pakubwa pa kuiona historia yao kwa macho. Chumba kimoja cha Kilimani hakiwezi kuziba pengo la jumba lile, lakini ziara ya skuli inaweza kuanzia hapo wakati tunangoja.

Kuhusu tarehe, zipo tayari. Tarehe 9 Juni ni Siku ya Nyaraka Duniani, kwa kukumbuka siku ambayo Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilianzishwa mwaka 1948. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na sijui siku iliyo bora kuliko hiyo ya kusoma Kiswahili kilichoandikwa na mababu zetu kwa herufi zao. Waheshimiwa Wawakilishi, tarehe 9 Juni hukukuteni Chukwani mkiwa katika mjadala wa bajeti. Kutoka Chukwani hadi Kilimani si safari. Njooni alasiri moja, mkae na kikundi cha watoto, msome nao ukurasa mmoja, kisha mrudi mkaamue fungu la Taasisi.

Gharama yake si kubwa. Kuchapisha nakala, maji ya kunywa, nauli za wazee, posho ya wafanyakazi waliokuja siku ya mapumziko, na kamera nzuri moja kama haipo. Sikutaja jukwaa, wala fulana, wala mahema, na naomba visiwepo. Fedha za vitu hivyo ziende kwenye maboksi yasiyo na asidi na kwenye mashine za kupunguza unyevu katika maghala.

Nimeshazungumza na walimu wenzangu wa Historia, wa Kiarabu na wa vyuoni. Wapo walio tayari kujitolea kuongoza vikundi vya siku ya kwanza bila ya malipo, na tunaweza kuwatafuta wazee wanaojua kusoma maandishi ya zamani katika mitaa ya Mji Mkongwe, Ng'ambo na Jang'ombe. Tunachohitaji kutoka kwenu ni tarehe, orodha ya hati zilizokubaliwa, na afisa mmoja wa kuwasiliana naye. Orodha ya majina ya walimu nitaileta kwa mkono katika Taasisi wiki hii, na nitaomba ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia, Mjini Unguja